Mbwa Watatu Wasioandikwa

Jumatatu, 3 Machi

Mbwa sita wapya wameletwa asubuhi. Wa kahawia na weupe, masikio yananing'inia kama vitambaa vya jikoni. Kila mmoja ana namba iliyochorwa ndani ya sikio. Daktari mkubwa hataki majina. Anasema jina huleta huruma, na huruma huharibu hesabu. Yeye mwenyewe tumempa jina — Bwana Sekunde — maana hupima hata muda wa majani ya chai kukaa kwenye kikombe chake.

Mimi nimeshawapa majina. Kimoyomoyo tu. Namba Mbili ana doa jeusi jichoni: Kiraka. Namba Tano anatembea shingo juu kama anakanyaga mayai: Bibi Harusi. Namba Sita ni mkubwa kuliko wote na amechoka na dunia: Mzee. Watatu waliobaki bado sijawaona vizuri.

Kazi yangu ni ileile. Kuwatuliza. Moyo wa mnyama aliyelazwa kwa sindano ya usingizi hausemi kweli, ndivyo anavyosema Bwana Sekunde. Lazima awe macho, asimame, ajue alipo. Na asiogope! Akiogopa, moyo unakwenda mbio, mstari unachafuka, siku imepotea. Ndiyo maana nipo hapa mwaka wa kumi na moja. Cheti changu kiko kwenye droo. Wanachotaka ni mikono yangu. Mlishaji wa mabanda ananiita Mama Tulia.

Leo walinusa viganja vyangu, basi.

Jumatano, 12 Machi

Wameshazoea. Siku ya tisa tu! Nikifungua banda Kiraka anakuja mwenyewe, anaingiza miguu kwenye kile kitambaa chenye matundu manne kinachoning'inia kwenye fremu. Nampaka jeli ya baridi kifuani, pale tulipomnyoa. Nabandika waya. "Tulia. Tulia. Tulia mwanangu." Anashusha pumzi ndefu, anaegemeza kidevu kwenye mkono wangu. Dakika kumi bila kutikisika. Kwenye skrini mstari unapita safi: kilima kidogo, mkuki, kilima cha mwisho. Kilima kidogo, mkuki, kilima cha mwisho.

Bwana Sekunde alisimama nyuma yangu, akasema hajaona mistari safi namna hii kwa mbwa aliye macho. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani mpaka nikafika nyumbani. Kwamba safari hii jina langu litakuwa kwenye makala. La tatu. Baada ya lake na la mwenzake wa hospitali.

Jina langu. Limechapishwa.

Nimefika nyumbani nataka kumwambia mtu. Nikawakuta mapacha mlangoni, wakanirukia. Mama mkwe akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake: "Msimkumbatie! Hajaoga, ana mate ya mbwa!" Wakarudi nyuma. Wana miaka saba, wanamtii bibi yao kuliko mimi. Nikaenda kuoga. Nilipotoka walikuwa wameshasahau kunikumbatia.

Kikombe changu mama mkwe ana mahali pake pa kukiweka, mbali na vya wengine. Kwa wageni ananitambulisha hivi: "Huyu ndiye mkamwana wangu, mchunga mbwa." Wanacheka. Mume wangu naye anacheka. Anasema mama anatania.

Siku mama yangu mzazi alipofariki, mama huyu anayetania aliniambia nimalize kufua kwanza.

Jumanne, 25 Machi

Dawa imeanza. Kichupa cheupe, kibandiko cha kijani. Sisi tunaiita Kijani tu. Ni ya watu wazima wenye moyo unaokwenda mbio bila sababu, iupunguze kasi. Hatari ya dawa za namna hii ni moja, Bwana Sekunde alitueleza: zinavuta ule umbali kutoka mkuki hadi kilima cha mwisho. Ukivutika sana, moyo unaweza kupotea njia, ukaanza kutetemeka badala ya kupiga. Kazi yetu ni kupima umbali huo. Ukibaki ndani ya mpaka, dawa inakwenda kwa wagonjwa.

Mbwa wanne wa kwanza: umbali umevutika kidogo tu. Ndani ya mpaka! Bwana Sekunde alikuwa anapiga mluzi.

Wa tano, Bibi Harusi. Amesimama vizuri, kidevu mkononi mwangu, macho nusu. Dakika ya saba mlishaji akaingia kuchukua ndoo. Akagonga sinia la vyuma mezani. Likaanguka sakafuni — mlio wa kupasua masikio.

Bibi Harusi alishtuka mara moja. Mara moja tu. Nilimsikia mkononi. Kisha akawa mzito. Kwenye skrini hapakuwa na mkuki wala kilima. Mstari ulikuwa unasokota kama uzi uliofumuka. Nikaita. Bwana Sekunde hakumtazama mbwa. Alikuwa anatazama saa.

Mlishaji akasimama na ndoo yake. "Nimemuua kwa sinia?" Anacheka, meno nje. "Basi huyo alikuwa mbwa wa karatasi."

Nilipomtoa kwenye kitambaa mkia wake ulikuwa bado unacheza. Mishipa tu. Najua ni mishipa.

Jumatano, 26 Machi

Ameniita ofisini, akafunga mlango. Kauli yake: Namba Tano alikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Kelele si dawa. Sisi tunapima dawa, hatupimi sinia. Kwa hiyo Namba Tano hakuwahi kuingia kwenye utafiti. Tuliagiza mbwa watano.

Nikasema kitabu cha kila siku kina ukurasa wake. Mwandiko wangu.

"Basi andika upya," akasema. "Mwandiko ni wako."

Nikamuuliza: na akishtuka mgonjwa? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mbingu haianguki. Wagonjwa wetu ni wazee, alisema. Watakaa kwenye viti vyao. Nani atawaangushia sinia?

Nimeandika upya. Wino uleule, kalamu ileile, hata lile kosa la tarehe nililokuwa nimelikata nimelikata tena vilevile ili ufanane. Chini nikatia saini. Ukurasa wa zamani aliuchana yeye, kwa mikono yake, vipande vidogo vidogo vya mraba. Hata kuchana anapima.

Kisha: jina langu, sasa, ni la pili.

Jumamosi, 29 Machi

Leo hakuna mtu kazini. Alinipigia simu nije. Sisi wawili tu.

Anataka kuona. Haandiki, haweki kumbukumbu, anataka tu kujua. "Mtu wa sayansi hawezi kulala na swali," alisema. Mimi ningependa kulala na maswali mia kuliko kufanya nilichokifanya leo.

Kwanza Mzee. Nilimpa Kijani, tukasubiri. Nikamwingiza kwenye kitambaa. Tulia, tulia. Bwana Sekunde akapiga ubao wa mbao ukutani. Mzee akageuza shingo polepole, akamtazama, kama anauliza una shida gani. Moyo ukaruka kidogo, ukarudi.

"Haniogopi," akasema. "Ameshanizoea, kila siku namtazama. Na anakuamini wewe. Ukiwa hapo anajua hakuna baya." Akafikiri. Nilijua anachofikiri kabla hajafungua mdomo. "Basi piga wewe."

Nilikataa. Naandika hapa kwamba nilikataa, ijapokuwa ilikuwa mara moja tu na sauti ilikuwa ndogo.

Nilimwekea Mzee mkono wa kushoto kifuani, mdomo wangu karibu na sikio lake. "Tulia, baba. Tulia." Akaegemea. Mkono wa kulia ulikuwa na ubao. Nikaupiga kwenye fremu, sentimita chache kutoka kichwani pake, na nikapiga ukelele. Aliniambia nipige ukelele. Sijui sauti ile niliitoa wapi, ilitoka kama ilikuwa inangoja.

Mzee aliporomoka. Nikahesabu: sekunde kumi na moja. Kisha mkuki mmoja. Kilima. Mkuki mwingine. Akafumbua macho. Na akanilamba mkono! Uleule wa ubao.

"Bahati," akasema Bwana Sekunde. "Leta mwingine."

Kiraka alikuja mwenyewe, kama kawaida yake. Akapewa Kijani, tukasubiri, akaingiza miguu mwenyewe. Kiraka hakuamka.

Tukiwa tunafunga mlango akaniuliza kama nakwenda upande wa sokoni, anipe lifti. Nikasema ndiyo. Njia nzima tulizungumza habari za mvua.

Jumapili, 30 Machi

Nimefua mashuka yote.

Jumatatu, 14 Aprili

Wanne waliobaki wamemalizwa leo, sindano moja moja, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Mioyo imeenda kwenye chupa. Wa Mzee ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani. Mlishaji anafagia mabanda, anaimba.

Kwenye ripoti wako mbwa watatu tu. Waliotulia. Bwana Sekunde anasema watatu wanatosha kama mistari ni safi. Na mistari ni safi, mikono yangu hiyo!

Jumanne, 10 Juni

Sijaandika karibu miezi miwili. Hapakuwa na la kuandika. Tulipima sungura.

Leo mume wangu ametoka hospitali na mama yake, uso unang'aa kama mwanafunzi aliyepata mia. Yeye ni mwalimu wa hesabu, furaha yake huanza na tarakimu. Mapigo ya moyo wa mama, yaliyokuwa yakimzimisha, yameshuka kutoka mia na arobaini hadi themanini! Kwa siku nne! Kumbe Ijumaa walimwingiza mama kwenye kundi la wagonjwa wa dawa mpya, mimi nikiwa kazini. Hakuniambia, alitaka aone kwanza kama inafanya kazi.

Akaiweka mezani. Kichupa cheupe. Kibandiko cha kijani.

Nilikuwa nimeshika kijiko. Nakumbuka nilikitazama sana kile kijiko.

"Si ndiyo ile mliyopima ninyi?" mume wangu akauliza. "Daktari wa kliniki amesema imepimwa hapo kwenu. Nikamwambia mke wangu ndiye aliyepima! Nikajisikia fahari."

Mama mkwe akaniangalia kwa chini chini. Akakigeuza kichupa mkononi. Halafu akasema: "Kumbe nakula makombo ya mbwa."

Wakacheka wote. Mapacha nao wakacheka, wakaanza kubweka, kuzunguka meza. Wau! Wau! Nikawafokea kwa kunong'ona. Hata mimi nilishangaa jinsi nilivyonong'ona.

Naweza kusema. Ni maneno machache. Dawa hii inaua mtu akishtuka, mimi nimeona, mimi nimeficha. Ni hayo mawili ya mwisho yasiyotoka. Kesho.

Jumatatu, 16 Juni

Sijasema. Nimefanya vingine.

Nimetoa betri ya kengele ya mlango. Nimefunga vitambaa kwenye vitasa vyote. Birika la kupiga filimbi nimempa jirani. Sufuria zimekaa moja moja, haziwekwi juu ya nyingine. Mapacha nimewafundisha kutembea kwa vidole, nimewaambia ni mchezo, atakayesikika amefungwa bao. Wamekuwa mafundi. Wanapita nyuma ya bibi yao kama moshi.

Na yeye? Amepona! Anatembea hadi kwa majirani, anapanda ngazi. Zamani alikuwa akitukana sentensi moja anapumzika. Sasa anamaliza. Mchuzi maji matupu. Mtoto huyu amevaa kama yatima. Mwanangu amekonda, mkewe anamlisha nani — mbwa? Jana aliwaambia wageni, mimi nipo nawapa chai, kwamba mwanamke anayeshinda na mbwa ipo siku atazaa watoto wa mbwa, na kwamba yeye kila akiwatazama mapacha masikioni huwa na mashaka. Pumzi hiyo nimempa mimi. Mstari kwa mstari.

Lakini ananishuku. Jioni nilimkaribia kumwekea mto, nikasema bila kufikiri, "Tulia, Mama. Tulia." Akanishika mkono. "Wewe unataka nini? Miaka yote hii hukuwahi kuniwekea mto. Anayekunyatia hakutakii heri."

Mume wangu ananisifu. Anasema nyumba imepata amani.

Ijumaa, 20 Juni

Saa kumi jioni. Pacha mdogo alisahau mchezo. Aliingia mbio kutoka nje, upepo ukauvuta mlango nyuma yake — pwaa!

Mama mkwe alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikaanguka. Akashika kifua, macho yakapanda juu, uso ukawa rangi ya majivu. Kichwa kikalala begani.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Najua kukandamiza kifua. Nimefundishwa, nina cheti. Sikusogea. Nilihesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Pacha ananivuta sketi. "Mama, bibi amelala?"

Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa.

Akavuta pumzi kama mtu anayetoka majini. Akafumbua macho, akanikuta nimesimama namtazama. Tulitazamana muda mrefu. Sijui aliona nini. Aliokota chungwa lake. Akalimenya kwa kucha, maganda yakawa yanakatika vipande vidogo vidogo. Hakunitukana. Usiku mzima hakunitukana.

Tisa. Nimeandika tisa kana kwamba kuna mtu ataniuliza.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekwenda kwa Bwana Sekunde. Sikukaa. Nikamwambia yote: nani, tangu lini, mlango, sekunde tisa.

Aliuliza umri. Aliuliza uzito. Akauliza kama nilipata bahati ya kushika mapigo wakati ule!

Nikamwambia asimamishe dawa, apige simu kliniki leo. Akasema akisimamisha kwa mgonjwa mmoja ataulizwa kwa nini, na wako wagonjwa arobaini. Nikasema basi nitasema mimi. Hakupandisha sauti. Alifungua droo, akatoa nakala ya ukurasa wa tarehe ishirini na tano Machi. Ule mpya.

"Hapa kuna saini ngapi?" akauliza.

Moja. Yangu. Yeye hakutia.

"Mwambie mkweo aache mwenyewe," akasema. "Mwambie inaharibu figo. Wazee wanaogopa figo."

Nilijaribu. Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwenye kiti chake. Nikapiga magoti ili nisimwinamie. Mama, dawa hii naomba uiache, nasikia inaharibu figo. Akaisogeza ile chupa kifuani pake kama mtu anayeficha mtoto. "Nilijua," akasema. "Nilijua siku ile nilipoamka nikakukuta unanitazama. Unataka nife." Na akamwita mwanawe, akamweleza mbele yangu. Mume wangu akanivuta jikoni. Aliniuliza nina roho gani. Mama amepona, nami nataka arudi kwenye kuzimia zimia? Nikasema, sikiliza, kuna jambo. Akasema hataki kusikia jambo.

Hakutaka kusikia. Hilo nimelishika kwa mikono miwili. Mtu asiyetaka kusikia hawezi kusema hakuambiwa.

Alhamisi, 26 Juni

Makala imetoka! Nimeletewa nakala. Kurasa sita, michoro mitatu, jina langu la pili, lote, limeandikwa bila kukosewa. Nimelipapasa kwa kidole kama kipofu.

Nilishindwa kujizuia. Nikamwonyesha mama mkwe. Alivaa miwani, akasoma kichwa cha habari kwa taabu, akafika kwenye majina. Akaifunga. "Na mbwa?" akauliza. "Mbwa nao wameandikwa, au ni wewe peke yako?"

Mapacha wakacheka. Nikaichukua nakala yangu. Hajui alichosema. Hajui! Hata hivyo masikio yaliniwaka moto.

Jioni mume wangu ananiita chumbani, anafunga mlango, anacheka peke yake. Shemeji anakuja! Kaka yake, aliyeondoka miaka kumi na miwili iliyopita hata mazishi ya baba yao hakurudi. Jumapili. Mama haambiwi. Atatua mchana, wamlete nyumbani moja kwa moja, aingie kwa nyuma mama akiwa kwenye kiti chake, amzibe macho, na wote tujitokeze tupige kelele. "Sapraizi! Utaona atakavyoruka!" Amewaambia mapacha wafanye mazoezi ya kupiga kelele chumbani, mdomo kwenye mto.

Nikasema: kaka yako ampigie mama simu kwanza. Mwandae.

"Unaanza tena."

Mtu mzima, moyo wake —

"Moyo wake mzima! Themanini! Furaha haijaua mtu."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Yeye alikuwa ananitazama, safari hii alikuwa tayari kabisa kusikia, alikuwa ameinua nyusi anangoja. Nikasema: "Tupike nini?"

Jumapili, 29 Juni

Mchana, jua kali. Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda, mlango wangu uko wazi kidogo. Namwona mgongo wake. Kiti, kitambaa cha kichwani, mkono mmoja unaning'inia. Amevaa gauni la bluu, mume wangu amemdanganya kuna wageni wa kawaida. Anapapasa vidole vyake, anavihesabu. Mapacha wako nyuma ya pazia. Naona vidole vya miguu minne vimetokeza chini, havitikisiki kabisa.

Mume wangu, aliyekwenda kumpokea kaka yake, alinipigia simu dakika ishirini zilizopita. Wametoka uwanja wa ndege. Alikuwa ananong'ona na kucheka.

Ninachotakiwa kufanya: nitembee hatua tisa au kumi hadi kwenye kile kiti. Nimwambie, Mama, mwanao amerudi, yuko getini, usishtuke. Basi. Siyo lazima niseme habari ya mbwa. Siyo lazima niseme habari ya saini. Mume wangu atanuna siku mbili, nimeharibu mchezo. Ni hayo tu! Hakuna kesi, hakuna kliniki, hakuna Bwana Sekunde. Ni rahisi kiasi kwamba nimekaa chini ili nione kama kweli ni rahisi hivyo, na nikiwa nimekaa nikachukua daftari.

Gari. Linazimwa mbali kidogo, ili lisisikike.

Kesho nitasema nilikuwa chumbani. Itakuwa kweli.

Geti limefunguliwa. Wamelinyanyua lisikwaruze, vizuri sana. Nasikia viatu vinavuliwa kibarazani. Mwanamume anayevuta pumzi kwa nguvu, anajizuia kulia — ndiye shemeji huyo. Miaka kumi na miwili.

Amegeuza kichwa. Ukimya umemwingia, anausikia. Sasa ananiita, haniiti kwa jina:

"Wewe mchunga mbwa! Upo? Mbona nyumba kimya hivi?"

Nitaitika. Nitainuka niende, nikimaliza tu sentensi hii. Imekwisha. Naanza nyingine.